Ukuta wa jikoni umelowa, na mzee aliyenisaidia anasema ni mvua

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Isyesye, hapa Mbeya. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, anapeleka mizigo Zambia na Kongo, na foleni ya Tunduma unaijua: akishaondoka, siku ya kurudi anaijua Mungu. Nyumba ni yetu wenyewe, ya tofali za kuchoma, tumeijenga kidogo kidogo mpaka tukahamia. Kwa hiyo kila kinachoharibika kinanikuta mimi na watoto.

Mwezi wa pili koki ya jikoni ilianza kuvuja pale inapoingia ukutani. Fundi bomba niliyezoea kumwita alikuwa anasema "kesho" mpaka nikaona aibu kumpigia tena. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa reli, akanikuta nahangaika na kitambaa na beseni. Akasema, "Mwanangu, hii kazi ya dakika kumi." Akaja na spana yake ya bomba, lile dude la chuma la kushika kwa mikono miwili. Alifunga maji, akaifungua koki, akaizungushia tepu nyeupe nyingi kweli, akairudisha na kuikaza. Ikawa bado inatoa tone, akaongeza nguvu. Nikasikia "tak!" ndani ya ukuta. Yeye akasema ni uzi umekaa. Kweli tone likakata. Nikamtengea chai na maandazi, hela akakataa kabisa.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona unyevu. Umeanza chini kidogo ya koki, ukatanuka kushuka hadi sakafuni, sasa lipu imevimba na ukiibonyeza na kidole inabonyea. Kwa nje, upande uleule, ukuta umeota ukijani. Bili nayo imepanda: nilizoea uniti 8, mwezi uliopita imesoma 15.

Nilipomwonyesha mzee, alitazama mara moja tu akasema, "Hii mvua ya mwaka huu, mwanangu, kuta zote zimelowa." Mimi nimemheshimu, nikanyamaza. Lakini tangu siku hiyo hapiti tena kwangu, na mke wake, ambaye tulikuwa tunaombana chumvi, sasa salamu yangu anaipokea nusu. Nadhani wanahisi nawalaumu. Sijamtamkia mtu yeyote neno la lawama, Shangazi.

Kuna kijana nyumba ya kona, amesomea ufundi bomba VETA, anayo na mashine ya kuunganishia bomba kwa moto. Yeye anasema tupasue ukuta Jumamosi tumalize. Naogopa: nikimwita kijana, mzee ataona nimemdharau. Nikimwita mzee, ataleta spana ileile. Na mume wangu kwa simu amesema, "Msiguse kitu mpaka nirudi," halafu akaongeza kwamba hapendi kusikia nyumba yake imejaa mafundi wa mtaani yeye hayupo.

Naomba unisaidie. Hii ni mvua au bomba, nitajuaje? Naweza kuitengeneza na hawa majirani, au ningoje? Na mzee nitamwambia nini?

Mama Wawili, Isyesye

Tena nimesahau: choo cha ndani, kile cha kukaa, kinalia "shii" usiku kucha. Na bafuni tuna hita ya umeme ya kuogea. Sijui kama vinahusika.


Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera kwa kunyamaza pale ulipotamani kusema.

Hicho ulichokisahau hadi mwisho ndicho nilichoanza nacho mimi. Uniti moja ni lita 1,000. Umetoka uniti 8 ukafika 15, kwa hiyo kuna lita 7,000 ambazo hamkuzinywa wala kuzifulia. Hizo ni ndoo 350 za lita 20, kama ndoo 11 au 12 kila siku ya Mungu. Sasa niambie, ukuta wako wa tofali ungekuwa unanyweshwa ndoo 11 kila siku, leo ungekuwa na lipu iliyovimba tu? Jikoni kungekuwa na dimbwi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza lita 20 na ushei kwa siku, yaani ndoo moja, na unyevu unaonisimulia unafanana na uvujaji wa namna hiyo, pengine mara mbili yake. Nyingine zote nazishuku chooni. Choo kinacholia usiku kucha kinaweza kumeza lita mia mbili kwa siku bila mtu kuona hata tone sakafuni, kwa sababu maji yanateremka kimyakimya kwenye bakuli na kwenda zake shimoni.

Kwa hiyo hata kama mzee ndiye aliyepasua kitu ukutani, bili usimhesabie. Sehemu kubwa huenda si yake.

Lakini mimi nabahatisha kutoka mbali. Dira ya maji haibahatishi. Chagua saa ambayo maji yapo na yana nguvu, usifanye siku ya mgao, maana maji yakikatika na kurudi, hewa iliyomo kwenye bomba nayo huizungusha dira, utadanganyika. Funga koki zote za ndani na nje. Choo nacho kifunge kwa ile koki ndogo iliyo ukutani karibu na tangi lake. Kisha nenda kwenye dira, fungua kifuniko, utazame kile kinyota au kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita machache. Kikisimama tuli kwa nusu saa, bomba zako za maji safi ni nzima na mzee ana haki yake: tafuta mvua. Kikizunguka polepole, maji yanatoka mahali, na kwa kuwa choo umeshakifunga, mahali penyewe yamkini ni ukutani.

Hapo fanya jambo la pili. Fungua ile koki ndogo ya choo peke yake, tangi lijae mpaka juu, halafu urudi kwenye dira. Ikiongeza mbio, umeshaona choo kinachukua kiasi gani na ukuta unachukua kiasi gani. Viandike vyote viwili kwenye karatasi.

Upo uwezekano wa tatu ambao watu huusahau. Dira ikiwa imetulia kabisa lakini ukuta unalowa zaidi kila mkimaliza kuosha vyombo, basi ni bomba la kutolea maji machafu ya sinki. Hilo halina msukumo wala halipiti kwenye dira. Mwaga beseni zima la maji kwenye sinki kwa mkupuo, uchungulie chini.

Umbo la unyevu nalo linasema. Mvua inayopenya huanzia juu, penye bati au dirisha, au hulowesha upande wa nje kwa mapana. Maji ya ardhini hupanda kutoka sakafuni, yakaishia kimo fulani na kuacha chumvi nyeupe. Wako umeanzia chini ya koki ukashuka. Mimi sijauona huo ukuta, ila ningeambiwa niweke dau, nisingeliweka kwenye mvua.

Sasa mzee. Usimwite aje kutazama ukuta, huko ni kumwita kizimbani. Mwite aje kusoma dira. Mpelekee salamu yake ya adabu asubuhi, "ugonile" kama ni mtu wa Rungwe au Kyela, kisha mwambie: "Baba, bili imenizidi nguvu, naomba unisaidie kuchunguza maji yanapotelea wapi. Peke yangu siwezi kukaa kwenye dira na huku nafunga koki." Na ni kweli, kazi hiyo inataka watu wawili. Yeye akae kwenye dira, wewe uzunguke ndani ukifunga na kufungua, mpigiane kelele. Mtu aliyefanya kazi reli maisha yake yote anajua kusoma geji. Kile kinyota kikizunguka mbele ya macho yake mwenyewe, hutahitaji kumwambia neno kuhusu mvua. Na kikisimama, utakuwa umejiepusha kumkosea mtu mzima.

Nikwambie pia kwa nini simlaumu sana. Mzee wa reli alizoea bomba za chuma, na bomba la chuma ukiliongezea nguvu linazidi kushika. Nyumba za siku hizi ukutani zina plastiki. Ukizungusha tepu nyingi kwenye koki ya chuma na kuisukumiza kwenye kona ya plastiki yenye uzi, kile kipande cha bomba kilichopinda ambacho koki inaingia, ile tepu inafanya kazi ya kabari kwenye gogo: kadiri unavyokaza, ndivyo kona inavyotanuka, mpaka inapasuka. Hiyo huenda ndiyo "tak" uliyoisikia. Ufa wenyewe huwa mwembamba kama unywele, ndiyo maana koki ilinyamaza kwa nje na maji yakapata njia kwa ndani. Aliyejenga angeweka kona yenye uzi wa shaba ndani yake, spana ya mzee isingeleta madhara yale. Maneno haya unaweza kumwambia mzee kama yalivyo, tena mbele ya mkewe: "Kumbe waliweka kona ya plastiki tupu, Baba." Hujasema uongo, na umempa mahali pa kusimama.

Kungoja au kutokungoja? Hapa nitapingana na mumeo, maana nyumba nyingi huko kwetu nyanda za juu tofali zake zimepangwa kwa udongo, saruji ipo kwenye lipu tu. Udongo ukinywa maji miezi miwili unarudi kuwa tope. Lipu inayobonyea kwa kidole inanitia wasiwasi kuliko bili. Lakini kungoja kukiwa ni lazima, ngoja ukiwa umefunga maji. Tafuta geti valvu ya nyumba, ile inayofuata baada ya dira. Ifunge usiku na kila mnapotoka, fungua asubuhi mjaze madumu na ndoo, funga tena. Kama jikoni kuna valvu yake peke yake, bora zaidi: hiyo ifunge moja kwa moja, muwe mnachota bafuni. Ni usumbufu, lakini ukuta utaacha kunywa leo hii hii, na hakuna fundi yeyote uliyemwingiza nyumbani. Hilo tu hata baba watoto hatakuwa na la kusema.

Na wakati unazima maji, zima na hita ya bafuni kwenye swichi yake, isije ikawashwa ikiwa kavu.

Kuhusu kupasua: kijana aliyesomea na ana mashine ndiye fundi wa kazi hii, mzee ni msimamizi, wewe ni mwenye nyumba. Kila mmoja ajue nafasi yake kabla nyundo haijainuliwa. Kazi za majirani huharibikia palepale ambapo kila mtu ni fundi mkuu. Mwambie kijana faragha kwamba mzee atakuwepo na ataheshimiwa. Mwambie mzee kwamba kijana ana mashine, na wewe unaomba yeye aangalie kazi isilipuliwe. Wazee wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Mashine yake ni ya bomba za PPR, zile ngumu zinazoungwa kwa moto. Ukutani kwako zikiwa ni PVC za kuungwa kwa gundi, mashine haitasaidia, ni gundi na soketi tu. Ndiyo maana nataka umpigie mumeo kabla ya Jumamosi, lakini usimpigie kuomba ruhusa kama mtoto wa shule. Yeye ndiye aliyesimamia ujenzi. Muulize: bomba la jikoni linapita wapi, linatokea juu au chini, ni la aina gani, na waya wa umeme umepita upande upi? Mtumie na video ya dira inayozunguka huku koki zote zimefungwa. Dereva anaelewa kitu kinachovuja barabarani, hawezi kukuambia "ngoja" baada ya kuiona. Mtajie gharama, mtajie nani atakuwepo. Akipanda lori lake kule Tunduma awe anajua nyumba yake inafanyiwa nini na nani. Nahisi kilichomuudhi ni kusikia mambo nusu nusu.

Na kwa hayo ya "mafundi wa mtaani", fanyeni kazi mchana kweupe, milango wazi, na mke wa mzee umwalike aje mkae naye mnachambua mchicha. Mambo ya maneno ya watu yaishie hapo, siendelei nayo.

Siku yenyewe, umeme uzimwe kwenye swichi kubwa kabla ya tindo kugusa ukuta. Hita iko bafuni na jikoni pengine ni nyuma ya ukuta uleule, waya unaweza kuwa umepita msipodhania. Funga geti valvu, fungua koki ya nje iliyo chini kuliko zote maji yaishe kwenye bomba. Kijana aanze kwa kubandua lipu iliyokufa, aende polepole akizunguka koki, asipige tindo moja kwa moja penye kona. Akishaiona kona, mwache mzee naye aione. Usiseme chochote, pitisha tochi tu.

Bomba la PPR linaungwa likiwa kavu. Tone moja la maji likishuka penye maungio wakati wa kuchoma, hapo patavuja kesho. Bomba la ukutani mara nyingi haliishi maji kabisa, linaendelea kutoa machozi. Mafundi wana ujanja wao: wanasukumiza kipande laini cha mkate ndani ya bomba, kinazuia maji kwa dakika chache, wanaunga, halafu maji yakifunguliwa mkate unalainika na kutoka kwenye koki. Kijana akiomba mkate usidhani ana njaa. Lakini koki ifunguliwe kwanza bila kichujio chake, mkate usije ukakwama.

Mashine ichomekwe kwa jirani, maana umeme wenu umezimwa, na ipate moto wake sawasawa, nyuzi 260. Bomba la nusu inchi, yaani la milimita 20, linakaa kwenye moto sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7. Likitoka linasukumwa moja kwa moja kwenye kona bila kuzungushwa, linashikiliwa limenyooka mpaka ligande. Wanaolizungusha "likolee" ndio wanaoharibu. Likizidi moto, plastiki inafunga tundu kwa ndani na utabaki na koki inayotoa maji kama inanung'unika. Wewe simama hapo uhesabu sekunde kwa sauti, hakuna atakayekukataza.

Kona mpya inunuliwe yenye uzi wa shaba. Bei yake inazidi kidogo ile ya plastiki tupu, usiibanie. Nunua mbili, na kipande cha bomba na soketi za akiba, kwa sababu ukuta ukishapasuliwa Jumamosi jioni na duka la Mwanjelwa limefungwa, mtalala bila maji. Vifaa vyote ni juu yako, na kifaa cha jirani kikivunjika kazini kwako ni juu yako vilevile.

Kurudisha koki ndiko kunakomhusu mzee, na ningependa afanye yeye. Tepu inazungushwa kwa uelekeo uleule ambao koki inakazwa, raundi nane hadi kumi kwa uzi wa nusu inchi zinatosha. Koki ikazwe kwa mkono mpaka igome, kisha kwa spana ndogo, ile spana malaya, mpaka mdomo wake utazame chini. Ikipitiliza kidogo, msiirudishe nyuma kuinyoosha: tepu ikishakatika imekatika. Itolewe yote, ifungwe upya. Lile dude la kushika kwa mikono miwili lina kazi zake, hapa halina. Lifiche basi, au kijana aombe kulitumia kwingine.

Baada ya hapo kila mtu atataka kupiga lipu aende nyumbani. Kataa. Fungua geti valvu taratibu, hewa itoke, funga koki zote pamoja na ile ya choo. Weka karatasi ya chooni iliyo kavu chini ya maungio, kwa sababu karatasi hiyo inaonyesha tone ambalo jicho halilioni. Soma dira, andika tarakimu zote hadi nyekundu za mwisho, mlale. Mbeya ni mji wa miteremko, kila mita 10 za kushuka kutoka kwenye tangi la mamlaka zinaongeza karibu baa moja ya msukumo, na usiku wa manane watu wakiwa wamefunga koki zao, msukumo wote unakuja kwenye bomba zenu mliobaki. Maungio yakivumilia usiku yatavumilia mchana. Asubuhi soma dira tena. Tarakimu zikiwa zilezile na karatasi ni kavu, mshukuruni Mungu.

Hata hivyo lipu isubiri. Acheni tundu wazi ukuta upumue, na kwa kuwa mvua za huko zinaelekea mwisho na kipupwe kinakuja, upepo mkavu utawasaidia. Kwanguni udongo uliolainika katikati ya tofali, mshindilie mchanganyiko wa saruji na mchanga, sehemu ndogo ndogo. Mkikuta tofali zinacheza, hasa chini ya dirisha, simamisheni kazi mwite fundi mwashi. Hapo ujirani haufai.

Kuna sehemu nyingine mbili ambazo ujirani haufai. Ya kwanza ni dira yenyewe na kila kilicho kabla yake upande wa barabarani. Hiyo ni mali ya mamlaka ya maji, ina lakiri yake, na kuichezea ni kosa kisheria. Mkikuta maji yanatoka kabla ya dira, pigeni simu kwa mamlaka, gharama si yenu. Ya pili ni hita. Maji na umeme vikikutana bafuni haviulizi kama fundi alikuja kwa wema. Ikikusumbua, mwite fundi umeme mwenye leseni, hata kama kijana atasema anaijua.

Malipo. Kijana mlipe, tena mkubaliane bei kabla. Anakula kwa kazi hiyo, na mtu akishafanyiwa bure mara tatu anaanza kukwepa simu. Nadhani hata yule fundi wako wa "kesho" ujaribu kumkumbuka, hakuna deni dogo mlimbakizia? Mzee hela atakataa tena. Mpelekee mkewe kilo mbili tatu za mchele wa Kyela, umkabidhi yeye mkononi, useme "ndaga fijo", yaani asante sana, na uondoke bila maelezo marefu. Salamu itarudi nzima. Isiporudi, wewe endelea kutoa yako.

Choo nakuachia wewe na watoto, hakihitaji mwanaume wala mashine. Fungua kifuniko cha tangi. Utaona bomba fupi lililosimama katikati, ndilo la kupokea maji yakizidi. Maji yakiwa yanamwagikia humo, floti imekaa juu mno: ishushe kwa skrubu yake au, kama ina mkono wa waya, upinde kidogo, maji yasimame kama inchi moja chini ya mdomo wa bomba hilo. Maji yakiwa chini ya mdomo lakini "shii" bado ipo, tia rangi ya keki kwenye tangi, msikitumie kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, ule mpira wa chini umechoka au umekaa na mchanga. Funga koki ndogo, vuta maji yaishe, utoe mpira, uusugue pamoja na mahali unapokalia. Umepinda au umekuwa mgumu, uende nao dukani kama ulivyo, ukanunue unaofanana nao. Usiende kwa kuelezea kwa mdomo, utarudi na mwingine.

Anza na hicho choo leo jioni, kabla ya Jumamosi, na usome dira kesho yake.

Shangazi